Sauti ya Guka Ibaki Nyumbani

Hotuba ya Katibu kwa niaba ya wanakwaya, Jubilei ya Miaka 25 ya Kwaya, Othaya

 

Tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Habari nyingi za kwaya yetu mtazisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki: orodha ya waanzilishi, safari tulizokwenda, na picha za sare zetu, kuanzia zile za kwanza zilizoshonwa na mafundi wa hapa sokoni hadi hizi za leo. Sisi maofisa tulipewa dakika ishirini tuseme neno kuhusu mzee mmoja mwimbaji, ili sherehe hii isiwe ya kujisifu sisi wenyewe. Tulikaa, tukajadiliana, na tukamchagua mzee ambaye hakuwa mwanakwaya wetu wala mshirika wa kanisa letu, lakini sauti yake imo katika nyumba nyingi za watu walioketi hapa. Ni marehemu Mzee Joseph Kamaru.

Tunaona wengine mmetazamana. Katika kamati pia tulitazamana. Mmoja wetu aliuliza, "Kamaru huyu wa Ndari ya Mwarimu, atatajwa kanisani?" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kabla hatujaketi. Tunaomba tu mtuvumilie, tuanze mwanzo.

Mzee Kamaru alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a. Si mbali. Ukitoka hapa Othaya ukashika barabara ya Kiriaini umeshaingia Murang'a, na Kangema iko mbele kidogo, kwenye migongo ileile inayoshuka kutoka msitu wa Nyandarua, kwenye chai ileile na baridi ileile ya mwezi wa Julai. Kwa hivyo tunapomtaja hatutaji mgeni. Ni jirani wa ng'ambo ya mto, aliyekula githeri kama yetu na kusema Kikuyu kama chetu.

Alizaliwa wakati ambapo wimbo katika nchi hii haukuwa mchezo. Miaka tisa kabla hajazaliwa, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku wimbo mmoja wa ngoma ulioitwa Muthirigu, uliotokana na mzozo kati ya wamisheni na wazazi juu ya tohara ya wasichana. Hatuko hapa kusifu yaliyosemwa ndani ya wimbo huo. Tunasema tu kwamba serikali yenye askari na bunduki iliuogopa wimbo. Kisha mwezi wa Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, Kamaru akiwa mvulana wa miaka 13. Wazee wetu wanakumbuka miaka ile: vijiji vya mitaro, vipande vya kutembelea, na watu waliochukua sauti za nyimbo za kanisani wakazitia maneno ya kudai ardhi na uhuru. Sauti iliyoimbwa Jumapili mbele ya mchungaji iliimbwa usiku msituni kwa maneno mengine. Mtoto aliyelelewa katika mambo hayo hujifunza mapema kwamba wimbo hubeba mzigo, na kwamba anayeuimba atawajibika kwa mzigo huo.

Akiwa kijana alikwenda Nairobi kutafuta maisha, kama walivyofanya wengi wa kutoka milima hii. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 jina lake lilianza kusikika. Na hapa tunaomba wanakwaya wasikilize, kwa sababu jambo la kwanza kuhusu Mzee Kamaru ni kwamba hakuanza safari yake na watu wa mbali. Nyimbo zake nyingi za mwanzo aliziimba na dada yake, Catherine Muthoni. Kaka anatoa neno, dada anajibu. Mnaofahamu sahani zile ndogo za santuri mtakumbuka kwamba upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika chache, kwa hivyo wimbo mrefu ulikatwa mara mbili: ukigeuza sahani ndipo unapata sehemu ya pili. Kaka na dada walizungumza pande zote mbili, na nyumba nzima ilikaa kimya kusubiri dada atajibu nini.

Wakati huo nyumba yenye gramafoni ilikuwa nyumba ya kijiji kizima. Redio ilikuwa ya Sauti ya Kenya. Watu walisikiliza pamoja, wazee, kina mama na watoto, na kwa hivyo mwimbaji alijua kwamba anaimba mbele ya mama mkwe. Hilo lilimfanya achague maneno. Nyimbo za Kamaru zilikuwa za mapenzi, ndiyo, lakini nyingi zilikuwa mawaidha pia: jinsi ya kuishi na watu, na jinsi ya kutosahau desturi za kwenu ukiwa mjini. Wazee wetu wanasema aliongea kama mjomba anayekuchukua kando baada ya sherehe, akakwambia ukweli bila kukuaibisha.

Mara nyingine aliaibisha. Walimu tuliomo katika kwaya hii tunaujua wimbo ule wa Ndari ya Mwarimu, yaani kipenzi cha mwalimu. Ulisimulia habari za mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake. Walimu wa wakati ule waliudhika sana, wakalalamika hadharani. Lakini sisi tunaosimama mbele ya darasa leo, na tunaojua mtoto wa kike hupita wapi na wapi mpaka amalize shule, tunaona kwamba aliyeudhika hakuwa mtoto. Jambo hilo lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona jikoni. Yeye alilitoa nje likapigwa kwenye redio, na mzazi akapata njia ya kulizungumza.

Mwezi wa Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, aliuawa. Kamaru alitunga wimbo wa kumlilia na kulaani mauaji hayo. Hadi wakati huo alikuwa akipatana vyema na wakubwa wa serikali. Baada ya wimbo huo mapatano yaliisha. Miaka ikapita, akapatana na serikali iliyofuata, hata mwaka 1980 akasafiri katika msafara wa Rais Moi hadi Japan na kurudi na wimbo wa kusifu. Kisha miaka ya mwisho ya themanini, watu walipoanza kudai vyama vingi, akaimba Mahoya ma Bururi, yaani Maombi ya Nchi, na duka lake la muziki likavamiwa na polisi. Hatutaji haya kwa sababu ya siasa. Madhabahu hii si jukwaa la siasa. Tunayataja ili vijana wajue kwamba mtu huyu alisifu palipofaa kwa maoni yake na akakemea palipofaa, na kila mara alilipa gharama yake mwenyewe.

Sasa tujibu swali la mwenzetu.

Mwaka 1993 Mzee Kamaru alitangaza kwamba ameokoka. Akaivunja bendi yake ya Kamaru Super Stars, akageukia nyimbo za injili. Tufikirie maana ya jambo hilo. Alikuwa mtu wa miaka 54 mwenye jina kubwa, na jina hilo ndilo lililokuwa shamba lake. Watu walikuwa wakimlipa aimbe nyimbo zilezile walizozoea. Aliacha shamba lililokwisha kuzaa, akaanza kulima jingine. Wengi wetu tulio na umri wa miaka thelathini na kitu tulimjua katika sura hiyo ya pili, kwa kaseti za injili zilizopigwa kwenye matatu za Othaya na Nyeri. Wazazi wetu walimjua kwa sura ya kwanza. Kwa hivyo nyumba moja ilikuwa na Kamaru wawili, na mara nyingine baba na mtoto walibishana ni nani aliye wa kweli.

Sisi kama kwaya tunaona ni mtu mmoja. Aliyekuwa akishauri kwenye santuri ndiye aliyeshauri kwenye kaseti ya injili. Mungu hakumpa sauti mpya mwaka 1993. Alimpa kazi mpya kwa sauti ileile. Wako humu ndani watu waliokuja kwenye kwaya hii kutoka kwenye bendi za harusi, na kutoka pengine ambapo tusipataje leo. Tuliwapokea na tonsili zao zilezile. Ndiyo maana tunaweza kumtaja Mzee Kamaru kanisani bila kuona haya. Tuseme Amina.

Katika miaka yake ya mwisho Mzee Kamaru aliugua ugonjwa wa Parkinson. Ni ugonjwa unaotetemesha mikono na kukaza mwili, na kwa mtu aliyeishi kwa kugusa nyuzi za gitaa mnaweza kufikiri ulikuwa msalaba wa namna gani. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 79.

Mara nyingi hotuba ya kumkumbuka mzee huishia hapo: alizaliwa, akaimba, akaugua, akafa. Lakini sababu yetu kubwa ya kumchagua inaanzia hapo.

Mzee Kamaru ana mjukuu anayeitwa Joseph Kamaru. Sisi watu wa milima hii hatuhitaji kuelezwa. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake. Na wasichana vivyo hivyo kwa majina ya cucu zao. Mama akiwa na mwana aliyepewa jina la baba yake mzazi humwita "baba" bila kuona ajabu, na anapomkaripia hupunguza ukali kidogo. Tunaamini mzee hatoki nyumbani kabisa maadamu kuna mtoto anayeitika jina lake.

Mjukuu huyu alizaliwa Nairobi na sasa anaishi Berlin, Ujerumani. Yeye ni msanii wa sauti, na duniani anajulikana kwa herufi nne, KMRU, yaani jina la guka wake lililotolewa irabu a. Muziki wake si benga. Hupita na kinasa sauti akirekodi mvua, barabara, vyombo na upepo, kisha akavitengeneza viwe muziki wa polepole ambao mara nyingi hauna maneno. Mtu wa Kangema akiusikia kwa mara ya kwanza anaweza kuuliza wimbo utaanza saa ngapi. Lakini kijana huyo amefanya kazi moja ambayo ingetosha kumpa baraka zote za guka wake. Amezikusanya rekodi za zamani za Mzee Kamaru, akazisafisha, akazitoa upya kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali wakaanza kuzisikiliza. Upo mkusanyiko uliotolewa wa nyimbo za kati ya 1966 na 2007. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 ya sauti ya mtu mmoja. Santuri iliyokuwa ikivunjika sandukuni na kaseti iliyokuwa ikiliwa na unyevu zimepata mahali pa kukaa.

Tuangalie vizuri alichofanya. Hakumwiga guka wake, wala hakuambiwa na mtu aache muziki wake wa kisasa ndipo ahesabike kuwa mjukuu mwema. Ana wimbo wake, na wa guka wake ameutunza. Yote mawili yanakaa katika nyumba moja. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi tunaongeza: anayetunza ni wa kwao.

Biblia inalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 31 Musa anaambiwa kwamba siku zake za kufa zimekaribia. Angeweza kuambiwa ajenge mnara au agawe mali. Anaambiwa aandike wimbo, awafundishe Waisraeli, ili wimbo huo ubaki ukishuhudia vinywani mwa uzao wao. Na katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 25, Daudi anapopanga waimbaji wa hekalu, anawapanga kwa jamaa: wana wa Asafu, wana wa Hemani, wana wa Yeduthuni, baba na watoto wake pamoja, wote waimbaji 288. Wapendwa, hiyo ndiyo kwaya. Mwalimu wa kwaya anafundisha Jumamosi saa nane, lakini sauti inalelewa nyumbani.

Sasa tugeukie kwetu. Kulikuwa na mzee wetu wa besi. Familia yake imetuomba tusiandike jina lake, kwa maana yeye mwenyewe hakupenda kutajwa, na tutawaheshimu. Waanzilishi mnamjua. Ndiye aliyekuja mazoezini kwa miguu hata siku za mvua, na kijana asiye na nauli ya kurudi aliikuta mfukoni mwake bila kuona imeingiaje. Ndiye aliyeweka filimbi ndogo ya kutolea sauti kwenye mfuko wa koti, akaipuliza mara moja tu, kisha akanyamaza hadi sote tuipate. Ikifika saa kumi na mbili jioni alichukua kofia yake hata kama wimbo haujakaa sawa, kwa sababu mke wake hakuzoea kunywa chai ya jioni peke yake. Mwalimu wa kwaya alijaribu kumbembeleza abaki. Alijibu kwamba wimbo utangoja, lakini chai itapoa.

Mzee huyo alikuwa na wimbo alioutunga mwenyewe wakati wa ukame wa 1984, mwaka ule wa mahindi ya njano. Ulikuwa wimbo wa kumwomba Mungu mvua na kumshukuru kabla haijanyesha. Waanzilishi wanakumbuka ulikuwa na beti nne. Alipolala, tulitaka kumzika kwa wimbo wake. Tulikutana jioni kabla ya mazishi, sauti zote nne, na tukiweka pamoja kila mmoja anachokumbuka tulipata beti mbili na kiitikio. Ubeti wa tatu haukuwa kwa mwanakwaya yeyote. Ulikuwa kwa mjukuu wake, msichana wa Gredi ya Tano, aliyekuwa akipita na sufuria ya chai. Alisimama akaimba, kwa sauti nyembamba na juu kuliko tulivyozoea, ubeti mzima bila kukosa neno. Guka wake alikuwa akiuimba wakimenya maharagwe pamoja. Tena waliudaka, alto wakaingia, na usiku huo mwalimu aliuandika wote kwa solfa nyuma ya programu ya mazishi.

Ubeti wa nne haujapatikana hadi leo. Kama kuna mtu ameketi hapa anaujua, hata nusu yake, tunamwomba atuone baada ya ibada.

Ndiyo maana tumemleta Mzee Kamaru mbele yenu. Nyimbo zake zilipata bahati ya santuri, redio na mjukuu mwenye kinasa sauti. Nyimbo za wazee wetu wa Othaya, wa Mahiga, wa Chinga na wa Iriaini ziko vifuani mwao tu. Nyimbo cia Kuinira Ngai ziko vitabuni, Tenzi za Rohoni ziko vitabuni, hizo hazitapotea. Lakini wimbo ambao cucu alituliza nao mtoto usiku wa Hali ya Hatari, wimbo ambao wavunaji wa kahawa walijitungia, pambio lililoanzishwa na mama mmoja kwenye maombi ya alfajiri likafuatwa na kanisa zima, huo hauko katika kitabu chochote. Ukimzika mwenyewe, umeuzika.

Kwa hivyo kwaya imeazimia jambo moja la jubilei hii, na mchungaji na wazee wameliidhinisha. Kabla ya Krismasi, kila nyumba ilete wimbo mmoja kutoka kwa mzee wake. Hatuombi pesa. Tunaomba wimbo.

Njia yake ni rahisi. Mchukueni guka au cucu wakati amepumzika, si wakati ng'ombe wanangoja kukamwa. Zimeni televisheni, fungeni mlango kuku wasiingie, wekeni simu mezani karibu naye, msiishike mkononi. Kabla hajaimba, mwulizeni jina lake kamili, alizaliwa wapi, wimbo ni wa nani, na aliujifunza wapi. Mwacheni aimbe mara mbili. Mara ya kwanza huwa anakumbuka, mara ya pili ndiyo anaimba. Akisahau, msimsaidie upesi. Ngojeni. Akikohoa, acheni kikohozi kikae humo humo. Siku moja mtakitamani. Kisha leteni rekodi hiyo kwa vijana wetu wa mitambo, nao wataiweka mahali pawili, moja kanisani na moja kwa familia. Walimu wa kwaya wataiandika kwa solfa.

Jambo la haki pia tuliseme wazi. Wimbo alioutunga mzee ni mali yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kifo chake inailinda familia yake kwa miaka 50. Ndiyo kusema nyimbo za Mzee Kamaru zina mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2068. Vivyo hivyo wimbo wa mama yako ni wake, hata kama hajawahi kuingia studio. Kwaya haitauimba mahali popote pa malipo bila ruhusa ya nyumba hiyo, na kila utakapoimbwa jina la mtunzi litatajwa. Tunalisema hadharani ili lishuhudiwe.

Vijana wetu, tuna neno nanyi. Tunajua baadhi yenu mnachoshwa na nyimbo zetu za polepole, na mnataka kinanda cha umeme, ngoma na nyimbo za kusifu za siku hizi. Hakuna aliyesema muache. Mmesikia habari za yule mjukuu aliye Berlin. Tungeni za kwenu, na simu hizo mnazozishika usiku kucha zitumieni dakika kumi kwa ajili ya guka. Ninyi ndio mnaojua kuzihifadhi, sisi wengine tunajua kuzipoteza tu tukibadilisha simu.

Na wazee wetu, tunawaomba msituambie "huo ni wimbo wa zamani, hauna maana". Msituambie sauti imeisha. Mnaketi katika viti vya nyuma mkiimba kwa midomo tu, mkidhani hatusikii. Tunawasikia. Besi yetu leo ina watu watano, na kila Jumapili tunaposhindwa kufika chini kabisa, kuna mzee huko nyuma anayefika, na sote tunaegemea kwake.

Tunawashukuru familia zote zilizotupa baba, mama na watoto wao kila Jumamosi kwa miaka 25, na zilizokula chakula kilichopoa kwa sababu yetu. Tunamshukuru mchungaji, wazee wa kanisa, na wote waliochangia jubilei hii. Mungu aibariki nyumba ya Mzee Joseph Kamaru pale Kangema na popote walipo, na ampe pumziko jema. Ambariki mzee wetu wa besi na mke wake aliyebaki, ambaye yuko hapa pamoja nasi leo.

Sasa kwaya itasimama iimbe ule wimbo wa mvua. Tutaimba beti tatu. Penye ubeti wa nne tutaimba sauti bila maneno, besi wakianza, ili nafasi yake isizibwe. Ubeti wa tatu utaanzishwa na mjukuu wake, ambaye sasa ni mwanakwaya. Tunawaomba msimame wote.